Nina MS, uchovu na usingizi wa mchana vinanimaliza. Ni ugonjwa wenyewe au ni hizi dawa?

ticha_fizikia (Dar)

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo yenu maana nimefika mahali sijui nishike lipi. Mimi ni mwanamke, miaka thelathini na kitu, nafundisha fizikia sekondari moja hapa Dar. Mwaka juzi jicho la kulia lilianza kuuma nikiligeuza, baadae likawa linaona ukungu tu, na kabla ya hapo nilishakuwa na ganzi miguuni inakuja inaondoka, nimetibiwa malaria, nimetibiwa UTI, nimeambiwa ni stress, mpaka akapatikana dokta mmoja akaniandikia MRI ya kichwa na uti wa mgongo na wakanitoa yale maji ya mgongoni, jibu likarudi MS, yaani maltipo sklerosisi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia mishipa ya fahamu. Nashukuru Mungu jicho limerudi karibu lote na natembea vizuri, ukikutana na mimi barabarani huwezi kujua kama naumwa.

Sasa kinachonitesa sio jicho wala ganzi, ni uchovu. Nalala saa tatu usiku naamka saa kumi na mbili kasoro na bado nikipanda daladala hata nisimame nimebanwa na watu nasinzia, konda ananigonga bega nimepitilizwa kituo. Kazini kuanzia saa tano asubuhi ndo balaa, madarasa yetu ni bati tupu hakuna dari, jua likikolea nikiwa naandika ubaoni mkono unakuwa mzito mstari unateremka wenyewe mpaka watoto wanacheka, na lile jicho linaanza kufifia tena. Nikienda ofisini nikakaa chini ya feni linarudi taratibu. Mwenzangu mmoja alisema kwa sauti ili nisikie, eti madam siku hizi anafundisha kwa kiti.

Dawa ninazotumia ni baklofeni asubuhi mchana na usiku (misuli ya miguu inakaza), amitriptilini wakati wa kulala kwa ajili ya maumivu, na ile dawa yenyewe ya MS. Usiku naamka sana kwenda kukojoa, halafu nikijilaza miguu nasikia kama kuna vitu vinatembea ndani kwa ndani, siwezi kuituliza mpaka niinuke nizunguke sebuleni. Mr naye anasema siku hizi nakoroma.

Naomba kujua hii ni MS au ni dawa? Na nimesikia wenzetu Ulaya wanapewa vidonge vya kuondoa usingizi vinaitwa modafinili, je vinasaidia kweli? Matusi na kejeli peleka jukwaa la siasa.

mzee_wa_mlonge

Pole sana binti. Mwili wako umejaa sumu za madawa, hilo ndo tatizo. Chemsha majani ya mlonge na tangawizi na kitunguu swaumu kunywa kutwa mara mbili, na hizo za hospitali acha. Kuna jirani yangu alikuwa hivyo hivyo leo anacheza mpira. Njoo inboksi nikupe dozi.

nesi_ughaibuni (Leeds, Uingereza)

Mzee wangu shikamoo, mlonge ni mboga nzuri ale tu hakuna anayemkataza, ila kumwambia mgonjwa wa MS aache dawa hapana. Hiyo baklofeni ikikatishwa ghafla mtu anaweza kupata degedege au akaanza kuona vitu ambavyo havipo. Dada usiende inboksi.

Mimi ni nesi huku, na huku MS ni ugonjwa wa kila mtaa, Uingereza wako zaidi ya watu 150,000 wanaoishi nao, kwa hiyo tunawaona sana na uchovu ndo malalamiko namba moja, kuliko hata miguu. Wengi wao ni kama wewe, kwa nje wazima kabisa. Kwa hiyo kwanza kabisa sio uvivu na wala sio kwamba umejilegeza, na huyo mwalimu mwenzako umwache kama alivyo.

Ila nikisoma maelezo yako naona umechanganya matatizo mawili ukayaweka kwenye gunia moja, na ukimpelekea daktari hivyo hivyo atakujibu kwamba MS inachosha, utarudi nyumbani na karatasi. Uchovu wa MS wenyewe ukoje: mtu unampa kitanda mchana, feni inapiga, hana kelele, anajilaza na macho makavu, mwili umeisha na kichwa hakifikiri lakini usingizi haupo. Mwenye tatizo la usingizi ni tofauti, huyo ukimkalisha tu sehemu tulivu ameondoka. Wewe hilo la mkono kuwa mzito ubaoni na jicho kufifia ni la kwanza. Kusinzia umesimama kwenye daladala ni la pili, na hilo la pili mara nyingi lina sababu yake pembeni ambayo inatibika, ndo maana nalikazania.

Kuna kipimo cha maswali kinaitwa Epworth, alikitengeneza daktari mmoja wa Melbourne, Murray Johns, mwaka 1991, ni karatasi tu haina gharama. Unajiuliza uwezekano wa kusinzia kwenye hali 8, kila moja unajipa alama 0 mpaka 3: ukiwa umekaa unasoma, unaangalia tv, umekaa tu mahali pa watu kama mkutanoni, abiria kwenye gari saa nzima bila kusimama, umejilaza mchana, umekaa unaongea na mtu, umekaa kimya baada ya chakula cha mchana bila kunywa pombe, na kwenye gari iliyosimama dakika chache foleni. Jumla ikizidi 10 kati ya 24 usingizi wako wa mchana umevuka kawaida, nenda nayo kwa dokta imeandikwa.

Sasa tuje kwenye usiku wako maana hapo ndo kuna kesi. Hiyo miguu inayotembea vitu ndani, inaanza jioni ukitulia na inapoa ukitembea, hiyo ni miguu isiyotulia, ina jina lake hospitali na watu wa MS wanaipata mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Omba wakupime feritini, ile akiba ya madini ya chuma mwilini, sio HB (wingi wa damu) peke yake, kwa sababu HB inaweza kuwa nzuri huku akiba imekauka, na kwa mtu mwenye miguu hii feritini ikiwa chini ya 75 madaktari wengi wanaongeza chuma. Na sikiliza hapa, amitriptilini ni moja ya dawa zinazoweza kuichochea hiyo miguu! Pia inaacha usingizi mpaka asubuhi yake ukiinywa umeshapanda kitandani, huku wengi tunawaambia wainywe mapema jioni, saa moja au saa mbili. Baklofeni nayo inalaza, ile ya mchana hasa. Usiache chochote wewe mwenyewe, andika unakunywa saa ngapi na unasinzia saa ngapi, dokta akiona karatasi yenye masaa anabadilisha dozi au muda bila kubishana.

Kukojoa usiku, kibofu pia kinashikwa na MS. Chai ya jioni punguza, soda acha, na waombe ultrasaundi ya kuangalia kama mkojo unabaki ukishamaliza kukojoa, maana ukibaki UTI haziishi na UTI yenyewe inachosha. Kuhusu kukoroma mwambie shemeji asilale siku moja akusikilize, au aweke simu irekodi, kama kuna sehemu unakoroma halafu kimyaa halafu unashtuka kama mtu aliyezama maji, hiyo ni pumzi kukatika usingizini na utalala masaa kumi bila kupumzika.

mzee_wa_mlonge

Sawa wasomi. Wazungu wenyewe wanarudi kwenye miti shamba siku hizi.

baridi_ya_ngong (Nairobi)

Mwalimu pole sana. Mimi ni mwanaume, niko na hii MS miaka mingi sasa, na hapo kwa jicho kufifia darasani nimecheka kidogo kwa sababu ni mimi kabisa, mimi nikipanda ngazi za ofisi lifti ikiwa imekufa nafika juu sioni namba za milango.

Hiyo kitu ni joto. Kuna daktari Mjerumani wa macho, Wilhelm Uhthoff, aliiandika tangu 1890, aliona wagonjwa wake wakifanya mazoezi macho yanafifia wakipumzika yanarudi, mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mshipa wa fahamu uko na utando wake wa mafuta, mayelini, MS ni kinga ya mwili kuula huo utando, sasa ni kama waya wa stima uliochubuka, unapitisha lakini kwa shida, joto la mwili likipanda hata nusu digrii tu ujumbe unakwama. Joto likishuka unapita. Zamani kabla MRI haijakuja walikuwa wanamtumbukiza mtu kwa maji ya moto kuona kama dalili zitatokea, ati hiyo ndio ilikuwa test! Cha maana ni ujue jicho likififia saa sita mchana ukiwa chini ya bati sio ugonjwa umekula sehemu mpya, usipanic, ni joto.

Kwa hivyo pigana na joto kabla halijakupata, usingoje uzime. Mimi nabeba thamosi ya maji na barafu, nakunywa kabla ya mkutano sio baada. Kitambaa kilicholowa maji shingoni, sijali nani anaangalia. Kaa chini ukifundisha na uandike kabla kwa manila uibandike badala ya kuandika ubaoni dakika arobaini mkono juu, hiyo mkono juu ndio inakumaliza. Mimi Nairobi baridi inanisaidia lakini nikishuka Mombasa Desemba, kuanzia saa sita mimi ni wa kulala kwa sakafu ya simiti mpaka jua liinamie. Dar sijui mnaishi aje nyinyi.

Kuhusu vidonge. Mimi nilipewa amantadini, dawa nyingine wanayoandikia uchovu wa MS, sikuona kitu, nikaacha na daktari akakubali. Lakini usichukue yangu, kuna utafiti mzuri Marekani ulitoka kwa jarida la Lancet Neurology 2021, walichukua watu 141 wa MS wakawazungusha kwa amantadini, modafinili, methilfenideti na kidonge kisicho na dawa ndani, kila mtu akapitia zote. Hizo dawa tatu hazikushinda kile kidonge tupu kwa uchovu, na zilileta madhara zaidi. Bado madaktari wanaziandika na kuna watu wanasema zinawasaidia, sikatai, lakini usiuze ng'ombe kutafuta modafinili. Na wewe ni mwanamke kwa hivyo ujue modafinili inapunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba na hata vipandikizi, na haifai kwa mwenye mimba au anayetafuta, hiyo wauzaji wa mtandaoni hawatakuambia.

Kitu imenisaidia mimi ni mazoezi, najua inasikika ujinga kumwambia mtu amechoka aende akafanye mazoezi. Lakini kidogo kidogo, alfajiri kukiwa baridi, kutembea tu, na siku ukijiskia poa usimalize kazi zote za wiki, hapo ndio wengi tunaanguka, Jumamosi unafua unapika unaosha nyumba, Jumapili na Jumatatu umekufa.

dokta_wa_zamu

Nesi na jamaa wa Nairobi wameongea vizuri nitaongeza machache.

Moja, ticha muulize daktari wako kama ulipimwa kingamwili ya akwaporini-4. Kuna ugonjwa ndugu wa MS unaitwa NMO, unashika macho na uti wa mgongo, ulikuwa unahesabiwa kuwa aina ya MS mpaka mwaka 2004 watu wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walipoikuta kingamwili yake kwenye damu. Sisi watu weusi tunaupata zaidi ya wazungu, wakati MS yenyewe ndo adimu kwetu. Sisemi umekosewa, picha za MRI na maji ya mgongo vinatofautisha vizuri, na wewe ulitolewa yote. Ila inafaa kuwa na uhakika kwa sababu baadhi ya dawa za MS, interferoni kwa mfano, kwa mtu wa NMO zinaharibu badala ya kutengeneza.

Mbili, homa. Hapa kwetu mtu wa MS akipata malaria au UTI joto linapanda na dalili zote za zamani zinarudi kwa pamoja, uchovu unazidi mara dufu, anakimbizwa hospitali anachomwa steroidi kwamba ugonjwa umelipuka kumbe ni malaria. Pima kwanza. Dalili mpya kabisa, inayokaa zaidi ya masaa 24 na huna homa, hiyo ndo shambulio la kweli, usisubiri.

Tatu, kwenye hiyo damu ya feritini unganisha HB, sukari, thairoidi (tezi ya shingoni) na vitamini B12, vyote vinachosha. Na kama kuna huzuni, hamu ya vitu imeisha, sema. Watu wa MS wanapata sana sonona na wanaificha nyuma ya neno uchovu.

ticha_fizikia (Dar)

Asanteni jamani mmenitoa machozi, hospitali sijawahi kuelezwa hivi. Nimefanya Epworth nimepata 16, kwenye gari na foleni zote nimejipa 3 bila kufikiria. Mr alirekodi, nakoroma kwa fujo lakini sijakatika pumzi ila nageukageuka usiku kucha na miguu inarusha shuka. Kliniki nina tarehe yangu karibuni, karatasi nimeshaandaa ina dawa na masaa. Kingamwili ya akwaporini nimeangalia kwenye majibu ya zamani ipo, imeandikwa hasi, kumbe nilipimwa na sikujua.

Bado mawili. Ramadhani mwaka jana nilifunga zote kwa kibri changu na sitaki kusimulia ilivyokuwa. Mwaka huu? Na la pili mkuu wangu wa shule, nimwambie nini mtu ambaye ananiona mzima?

bint_kisauni (Mombasa)

Dadangu pole, mie nina ndugu yangu wa tumbo moja ana haya maradhi. La kufunga mwulize daktari wako kwanza, wako wanaoruhusiwa ikiwa ugonjwa umetulia na dawa zao ni mara moja kwa siku. Lakini wewe dawa ya mara tatu utaimezaje na daku mpaka futari ni kutwa nzima? Na hilo joto la Dar bila tone la maji ndilo lile lile waliokueleza hapo juu. Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratul Baqara aya ya 184 amempa ruhusa mgonjwa, atalipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa analisha maskini. Ndugu yangu alikuwa akiona haya, mamangu akamwambia waja hawakufungii wewe. Sasa alisha maskini, na kupika futari ya watu wengine hatumpi, maana jikoni na moto wa makaa kwake ni mtihani.

mpanga_ratiba

Madam hilo la mkuu wa shule niachie mimi, maana mimi ni mwalimu wa taaluma na ratiba shuleni kwetu naipanga kwa mkono wangu. Usiende kumwambia nimechoka mkuu. Kila mwalimu anachoka, atakujibu hata yeye amechoka. Mwambie kinachotokea: kuanzia saa tano kwenye chumba chenye joto jicho linapoteza kuona na mkono unapoteza nguvu, kwenye kivuli na feni vinarudi, na hii hapa barua ya daktari. Hicho mtu anakielewa, tena wewe ni wa fizikia una asidi na vyombo vya umeme mikononi, hatataka ajali.

Halafu mpelekee suluhisho, usimpelekee tatizo. Omba vipindi vyako viwe vya kwanza mpaka cha nne, omba ile dabo pirio ya praktiko iwe asubuhi, na vidato vyenye wanafunzi wengi upangiwe chumba chenye dari kama kipo. Mwenye kukupisha yupo tu, kuna walimu wanachukia kipindi cha kwanza kama kifo, tafuta mmoja mbadilishane kabla hujaenda ofisini. Akikukatalia kabisa basi ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri kurekebisha mazingira ya kazi, ila hiyo usianze nayo, ukianza na sheria utapata sheria.

Barua iandike kwa mkuu wa shule, nakala kwa taaluma, na uipeleke kabla shule hazijafungwa. Ratiba mpya tunaichora likizo, ikishabandikwa ukutani hakuna anayetaka kuigusa.